Andrew Watson, nahodha mweusi aliyeiongoza Uskoti kuipiga England sita

Tarehe 12 Machi 1881, kwenye uwanja wa Kennington Oval jijini London, Uskoti iliifunga England mabao 6-1. Mpaka leo England haijawahi kufungwa nyumbani kwake kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Nahodha wa Uskoti siku ile alikuwa beki wa miaka 24, mtu mweusi, mzaliwa wa Demerara huko Guyana, Amerika ya Kusini. Aliitwa Andrew Watson. Ilikuwa mechi yake ya kwanza timu ya taifa, na unahodha wakampa yeye.

Sisi Wabongo wa Glasgow tukikutana harusini au msibani, hadithi ya mtu wetu Uskoti huwa ni ya Mwalimu Nyerere kusoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952. Tuna haki ya kujivunia. Ila natamani sana watoto wetu, hawa waliozaliwa hapa na wanaoulizwa kila siku "kwenu hasa ni wapi?", wamjue na Watson. Alivaa jezi ya nchi hii karne moja na ushee kabla yao.

Tukimsimulia tumsimulie mzima, pamoja na yale yanayouma. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti wa mashamba ya miwa. Mama yake alikuwa mwanamke wa kulekule Guyana, Hannah Rose. Andrew alizaliwa Mei 1856, watumwa wa makoloni ya Uingereza wakiwa wameachiwa huru miaka kumi na nane tu kabla, na utajiri wa ukoo wa baba ulitokana na sukari iliyolimwa kwa jasho lao. Pesa hiyo ndiyo iliyomsomesha, kwanza Halifax kaskazini mwa England, halafu King's College School ya London. Baba alipofariki 1869 alimwachia urithi wa kumtosha kuishi kama muungwana wa zama zile. Kwa hiyo Watson hakufika hapa kubeba boksi kama wengi wetu. Alifika mtoto, mwenye baba mwenye mali. Weusi wenziwe wengi wa Guyana hawakupata hata robo ya nafasi hiyo, na hilo halimpunguzii kitu uwanjani.

Mwaka 1875 alijiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow, akisoma hisabati, fizikia na uhandisi. Hakukaa zaidi ya mwaka. Mpira ulishamteka, na mwaka 1877 akamwoa binti wa mjini hapa, Jessie Nimmo Armour. Alichezea Maxwell, kisha Parkgrove, ambako alikuwa pia katibu wa mechi: ndiye aliyepanga ratiba na kuandikiana barua na timu nyingine. Mwaka 1880 akachukuliwa na Queen's Park, klabu kubwa kuliko zote Uskoti wakati huo, na mwaka uliofuata wakamfanya katibu wao. Huu ukatibu mimi naupa uzito kuliko wengi wanavyoupa. Mchezaji unaweza kumtumia kwa sababu ya miguu yake. Ofisi, vitabu na jina la klabu unamkabidhi mtu unayemwamini.

Na alikuwa akiujua mpira. Waingereza wa enzi hizo walicheza kwa chenga: mtu anauchukua mpira, anakimbia nao mpaka anyang'anywe, wenzake nyuma yake. Waskoti, Queen's Park wakiwa mbele, walijifunza kupasiana, na ndiyo maana miaka ile walikuwa wakiifunga England mara kwa mara. Mabeki walikuwa wawili tu na mbele yao msururu wa washambuliaji, kwa hiyo beki alihitaji mbio, ukabaji wa uhakika na guu la kuufikisha mpira mbali. Kitabu cha mwaka cha chama cha soka cha Uskoti kilimsifia Watson hayo yote matatu. Siku mbili baada ya mechi ya London aliwaongoza tena Waskoti wakaifunga Wales 5-1. Machi 1882 England wakaja Glasgow, wakala tano kwa moja. Mechi tatu za taifa, tatu zote ushindi, mabao 16 kwa 3.

Kwa nini tatu tu? Kwa sababu alihama. Mwaka 1882 alikwenda London, na Uskoti ya siku zile haikuwa ikiwaita wachezaji wanaoishi England. Basi, safari yake ya timu ya taifa ikaishia hapo, akiwa na miaka 25.

Huko London ndiko yalikomkuta yanayonigusa kuliko mabao yote. Mwaka uleule Jessie alifariki, akamwachia watoto wawili wadogo. Watoto wakarudishwa Glasgow kulelewa na babu na bibi yao, upande wa mama. Ndugu yangu uliyeko ughaibuni, hili unahitaji kuelezewa? Nani kati yetu hamjui mama aliyempeleka mwanawe Tanga au Mwanza kwa bibi kwa sababu zamu za usiku zimemshinda na ada ya kulelewa mtoto inazidi kodi ya nyumba? Huku nyuma anabaki na simu, sauti ya mtoto ikibadilika mwaka hadi mwaka. Watson alikuwa na pesa, na bado alipofiwa hakubaki na watoto pale London. Wakwe ndio waliowabeba. Kila nikisoma habari zake nasimama hapo kwanza kabla ya kuendelea na mpira.

Aliendelea kucheza. Akiwa na Corinthian ya London alikuwemo kikosini mwaka 1884 walipoitandika Blackburn Rovers, mabingwa wa Kombe la FA, mabao 8-1. Alirudi Glasgow na kutwaa tena Kombe la Uskoti na Queen's Park mwaka 1886, baada ya yale ya 1881 na 1882. Akaoa tena, akahamia upande wa Liverpool akachezea Bootle, na kisha akafuata uhandisi wa meli. Alifariki Kew, London, Machi 1921, akazikwa makaburi ya Richmond.

Halafu akasahauliwa. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba mweusi wa kwanza kwenye soka la Uingereza ni Arthur Wharton, kipa mzaliwa wa Accra. Wharton anastahili heshima yake, alikuwa mweusi wa kwanza kucheza kwa kulipwa, lakini Watson alimtangulia. Hata alikofia hakukujulikana vizuri, kuna walioamini alifia Australia. England nao walimchezesha mweusi wa kwanza kwenye timu yao ya wakubwa, Viv Anderson, mwaka 1978, miaka 97 baada ya nahodha mweusi kuwafunga sita. Uskoti wenyewe walikaa mpaka 2004, alipoitwa Nigel Quashie, ndipo wakapata mweusi wa pili. Mlango uliofunguliwa 1881 ulifungwa nyuma yake, na nani aliufunga hakuna anayesema.

Anayetaka kufika alipocheza, ni rahisi. Hampden ya kwanza kabisa, uwanja wa Queen's Park na wa timu ya taifa enzi zake, ilikuwa Crosshill, jirani na Govanhill wanakoishi wahamiaji wengi wa Glasgow. Pande hizo sasa kuna klabu ya wazee wanaocheza mpira wa kuviringisha kwenye nyasi, na kwenye jengo lao umechorwa ule ushindi wa 5-1 wa 1882, Watson akiwemo. Pale hata mtoto asiyependa kusoma anasimama, anamtafuta mweusi, anampata, anauliza maswali. Makumbusho ya soka yapo Hampden ya sasa, mwendo mfupi kutoka hapo.

Na timu zetu za Jumapili, zile za Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo zinazocheza kwenye viwanja vya manispaa, zina makatibu pia. Naomba makatibu hao waandike majina kamili nyuma ya kila picha ya kikosi, mwaka, na matokeo, na nakala moja waipeleke maktaba ya mji.