Neno "responsive" limenisumbua wiki nzima

Wiki iliyopita niko Mwanjelwa nanunua maparachichi, dogo mmoja ananitengenezea tovuti akanipigia simu, "bro tovuti yako sasa iko responsive". Nikasema sawa, afu nikakaa najiuliza hivi ni nini hasa.

Kumbe kwa watu wa mitandao maana yake ni ukurasa unaojipanga wenyewe kulingana na kioo, simu ndogo au kompyuta, na hilo jina la usanifu wa hivyo alilileta mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte mwaka 2010. Ila neno lenyewe ni la zamani sana, limetoka Kilatini, respondere, kujibu, na ndani yake kuna spondere yaani kuahidi.

Mi kwa Kiswahili naona "kuitika" ndo linakaribia kabisa. Mama anaita kutoka jikoni, binti anasema abee, mvulana naam, hapo hapo, hata kama baridi ya Mbeya imekubana chini ya blanketi (Juni hii usiniambie kitu). Huyo ndo responsive. Na shambani Uyole utasikia mtu anasema viazi vimeitikia mbolea, ni lile lile. Daktari naye akisema mgonjwa ni responsive ana maana ukimsemesha au ukimgusa anaonyesha dalili, siyo kwamba kapona, hapo watu wengi wanachanganya.

Wengine wanatafsiri "sikivu", siyo mbaya, ila msikivu anaweza akakusikia vizuri tu na asifanye kitu, kama fundi wangu wa paa, ananisikia tangu Machi.