Chungu Kinataka Maji, Mbao Inayaogopa

Ukiweka vyungu vya udongo na samani za zamani chini ya paa moja, umefungua maduka mawili yenye tabia zinazogombana. Chungu kisicho na glezi, ule mpako unaong'aa kama kioo, hutoa jasho. Kikilala na maji juu ya meza ya msaji, asubuhi utakuta duara jeupe limekaa kama muhuri. Vumbi la msasa nalo likitua kwenye mtungi wenye vinyweleo, kitambaa hakilitoi tena. Ndiyo maana kabla ya kufikiria bei wala bango la mlangoni, anza kwa kugawa nafasi. Karakana iwe na ukuta na mlango wake, au iwe uani. Vyungu vikae kwenye rafu za mbao tupu, na chochote kinachopambwa juu ya samani kiwekewe ukili au kipande cha koki chini yake.

Duara jeupe halijawa msiba. Ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi, mbao yenyewe haijaguswa. Chukua majivu laini yaliyochekechwa, tia mafuta kidogo, sugua taratibu kwa kidole kufuata mwelekeo wa nyuzi, futa, kisha paka nta. Doa likiwa jeusi, maji yameshafika kwenye mbao, na hapo hakuna njia ila kuivua polishi yote ya uso ule.

Tuanze na ununuzi wa vyungu. Vingi vya kienyeji vinachomwa wazi, kwa nyasi, kuni au mavi ya ng'ombe, bila tanuri, na moto wa namna hiyo haufiki mbali: kati ya nyuzi 600 na 900 hivi za Selsiasi. Ni vyepesi, vinavumilia moto wa mafiga, lakini vinanyonya maji na vinavunjika upesi. Ukinunua, kiinue chungu kwa vidole vya mkono mmoja na ukigonge kwa kifundo cha mkono mwingine. Kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokufa kama debe. Gonga pembeni mahali pawili, maana ufa wa kitako hausikiki vizuri ukigonga mdomo. Kisha pitisha kidole ndani. Ukuta wenye unene wa kupanda na kushuka utapasuka siku ya kwanza jikoni, kwa sababu upande mwembamba unapata moto na kutanuka kabla ya upande mnene.

Mitungi ijaribiwe kwa maji. Ujaze, uuweke juu ya gazeti usiku kucha. Unyevunyevu nje ni kazi ya mtungi, ndio unaopoza maji. Dimbwi kwenye gazeti ni ufa.

Wanunuzi wengi wa pwani hawaujui ugonjwa wa chokaa. Udongo wa karibu na bahari mara nyingi una chembe za matumbawe au makombe. Chombo kikichomwa kwa moto mkali, kuanzia kama nyuzi 800 na kitu, chembe hizo zinageuka chokaa hai. Chombo kinatoka kizuri, kinakaa rafuni wiki mbili, tatu, chembe zinavuta unyevu wa hewa, zinavimba, na kipande cha ukuta kinafyatuka na kuacha shimo lenye kidoa cheupe katikati. Mteja akirudisha, usibishane naye. Kinga iko kwa mfinyanzi: achekeche udongo wake kwa chekeche lenye matundu madogo, au avitumbukize vyombo ndani ya maji mara vinapopoa baada ya kuchomwa ili chokaa ilainike kabla haijavimba. Ungaunga mweupe unaosambaa juu ya chombo ni jambo jingine. Hiyo ni chumvi, na huondoka kwa maji baridi na brashi.

Kila chungu cha kupikia kitoke dukani na maelezo, hata kwa mdomo tu: kiloweke usiku mmoja, chemshia uji mwepesi wa mchele au muhogo kwa moto mdogo hadi uzito wake uzibe vinyweleo, kiache kipoe chenyewe. Kisiwekwe kitupu motoni, kisitiliwe maji baridi kikiwa moto. Chetezo nacho kina sharti lake: majivu au mchanga kwanza, unene wa vidole viwili, ndipo kaa la moto. Vyetezo vinavyopasuka kitako karibu vyote vimewekewa makaa juu ya udongo mtupu. Vyombo vyenye glezi ambayo hujui imetengenezwa na nini, viuze kwa maua. Glezi nyingine zina risasi, na ndimu au siki huifanya iingie kwenye chakula.

Upande wa samani, kazi kubwa ni kuangalia kabla ya kutoa pesa. Masanduku yenye misumari ya shaba na viti vya enzi vya mtindo wa Lamu vinaigwa kila siku, na kuiga si kosa ila kuuza cha mwaka huu kwa bei ya cha mwaka 1900. Vuta droo, ipindue. Mbao ya chini iliyopasuliwa kwa mkono ina alama zisizolingana. Ya mashine ina mistari iliyofuatana kama kitana. Skrubu yenye kichwa cha nyota haikuwepo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ikiwa ndiyo inayoshika bawaba, ama bawaba imebadilishwa au kitu chote ni kipya. Ukiona plaiwudi nyuma ya kabati linaloitwa la babu, uliza tena.

Kisha tafuta bungua. Tundu lenye ukingo mweusi na vumbi la siku nyingi ni la zamani. Tundu safi lenye unga mwepesi ni la mdudu aliye hai. Weka karatasi nyeusi chini ya kiti, kigonge, futa, acha wiki mbili, tazama tena. Bungua wengi hupenda weupe wa pembeni wa gogo, mara chache huingia moyo wa mvule au wa msaji, kwa hiyo angalia zaidi sehemu za nyuma na za chini ambako fundi wa zamani alificha mbao hafifu. Mafuta ya taa yanayopakwa juu hayamfikii. Dawa ya mbao iingizwe kwa bomba la sindano, tundu moja baada ya jingine, baada ya siku chache irudiwe, kisha tundu lizibwe kwa nta. Kitu chenye unga kisivuke mlango wa duka hata kwa siku moja.

Kiti kinachoyumba ndiyo kazi ya kila wiki, na karibu kila mara kimeshaharibiwa na msumari wa mtu aliyekuwa na haraka. Toa misumari yote. Andika kila mguu kwa chaki: mbele kulia, mbele kushoto, na kadhalika. Gundi ya zamani ya ngozi hulegea kwa siki iliyopashwa moto, ukiidondosha kwenye kiungo na kusubiri robo saa. Usitumie nyundo moja kwa moja, weka kipande cha mbao katikati. Ukishatenganisha, kwangua gundi yote hadi uone mbao, kwa sababu gundi nyeupe ya leo haishiki juu ya mabaki ya ile ya kale, na hapo ndipo viti "vilivyotengenezwa" hulegea tena baada ya miezi mitatu. Ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, ukiwa umekonda, uzungushie takataka nyembamba ya randa iliyopakwa gundi, ukauke, uuchonge hadi uingie kwa kusukuma kwa mkono. Paka gundi tunduni na kwenye ulimi. Funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa upana wa vidole viwili, ukiuvuta na kuuzungusha. Unabana vizuri kuliko klempu mbovu. Kabla gundi haijashika, simamisha kiti kwenye sakafu iliyonyooka na ukikalie kidogo. Mguu ukicheza, rekebisha sasa. Acha saa 24.

Majira nayo yana amri. Wakati wa masika mbao zinavimba na droo zinakataa kufunguka. Fundi mgeni hushika randa. Subira: ukiipunguza droo wakati wa mvua, kaskazi ikifika itacheza kama jino bovu. Paka nta kwenye reli, mwambie mteja asubiri. Shelaki, polishi inayoyeyushwa kwa spiriti, nayo haipakwi siku ya mvua, maana spiriti ikiruka inapoza uso, unyevu unatua, na kazi inageuka ukungu mweupe. Tabaka nyembamba tano au sita, katikati ya mchana wenye jua, msasa namba 320 kati yake. Rangi ya zamani usiikwangue kavu, huenda ina risasi. Lowesha, vaa barakoa, na watoto wasiwepo. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi vianikwe vimetandazwa au vitumbukizwe ndani ya maji. Vikikunjwa na kutupwa pembeni vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka usiku.

Bei ndiyo inayofunga maduka haya. Chukua mfano wa vyungu 40 kwa shilingi 4,000 kimoja, nauli 30,000. Vinne vimevunjika njiani. Jumla ni 190,000, gawanya kwa 36: kila kimoja kimekugharimu karibu 5,300. Vyungu vya Wakisi, watu wanaojulikana kwa ufinyanzi, vinavyouzwa soko la Matema kando ya Ziwa Nyasa, vina safari ya zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu ya kuvunjika isisahaulike. Sasa kabati: ununuzi 180,000, mkokoteni na gari 25,000, vifaa 40,000, kazi saa 22 kwa 5,000, yaani 110,000. Jumla 355,000. Ukiuza 480,000 unadhani umepata 125,000. Lakini limekaa miezi minne likila sehemu ya kumi ya duka la kodi ya 300,000 kwa mwezi, nayo ni 120,000. Umebakiwa na 5,000. Vyungu ndivyo vinavyolipa kodi, samani zinaleta watu mlangoni, na kila kabati liandikiwe tarehe ya kuingia nyuma yake kwa penseli.

Wafinyanzi walipwe taslimu. Mali kauli, yaani kulipa baada ya kuuza, inaonekana rahisi kwako, lakini mfinyanzi aliyesubiri pesa miezi miwili anakuletea yale ambayo wengine wameyakataa.

Kuna vitu vya kuachana navyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo mlango wa namna hiyo hauuzwi nje bila kibali. Kiti cha enzi chenye vipande vya pembe za ndovu kisiuzwe kwa mtalii hata akililia. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na kitazuiwa uwanja wa ndege.

Takataka za randa usizitupe. Zikiwa kavu, zinafungia vyungu vizuri: ndani ya chungu kwanza, kisha kati ya chungu na boksi unene wa vidole vinne kila upande, ukitikisa hadi kisisikike kitu. Kifuniko kisifungwe juu ya chungu chake, kisafiri kando kwenye gazeti.