Siku moja maishani mwangu: ukurasa wa kisu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishaamka, maana hapa Kawempe, Kampala, asubuhi ndo stima haisumbui sana na mimi natakiwa kuskani kurasa za jana kabla haijakatika. Chai ya rangi, kiporo cha mihogo, mezani.

Nachora katuni ya Cinderella, ila sio ile ya boga na kiatu cha kioo, hiyo ni ya Mfaransa Perrault ya 1697. Mie nafuata ya ndugu Grimm wa Ujerumani, walioichapisha kwanza 1812, na humo hamna bibi wa uchawi kabisa, kuna kaburi la mama na mti umeota juu yake, binti akiwa na shida anaenda pale analia na nguo ya sherehe anaipata pale pale. Watu wakisikia naandika hadithi za watoto "za kutisha" wanadhani nimeongeza damu mwenyewe. Sijaongeza kitu jamani, ilikuwemo!

Saa tatu nafika kwenye ukurasa wa kisu. Kiatu hakimuingii dada mkubwa wa kambo, mama yake anampa kisu, anamwambia kata kidole, ukishakuwa malkia hutatembea tena kwa miguu. Nikachora ule mkono mara sita, yote imekufa. Nikatoka nje, Mama Hajara jirani yangu alikuwa anamenya matoke barazani, nikamwambia mama samahani, nishikie kisu kama unampa mtu. Akakigeuza, mpini kwangu, makali kwake, vidole vyeusi kwa utomvu. Yaani alikigeuza kwa upole kabisa, kama unavyompa mwanao asijikate, na hapo ndo nikaelewa paneli yangu, kile kisanduku cha picha.

Akaniuliza, mwanangu unachora nini? Nikamsimulia yote mpaka kaburi. Akanyamaza kidogo halafu akasema hiyo si ndo Njabala, ile ngano ya Waganda, mama amekufa lakini mzimu wake unakuja kumlimia binti yake shamba, na akaanza kuuimba ule wimbo huku anamenya. Nilikaa naye mpaka saa tano, kazi imelala lakini sijutii.

Mchana stima ikakatika, nikapanda boda mpaka Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, kujaribisha rangi. Sura yote hii ni nyeusi na nyeupe, nyekundu inatokea mara moja tu, kwenye soksi nyeupe ya yule dada pale njiwa wanapomwambia mwana wa mfalme atazame kiatu kina damu. Mara ya mwisho duka moja lilinitolea nyekundu imekuwa kahawia kama chai, hela yangu ikapotea. Leo kijana wa mashine alikuwa mvumilivu, tukarudia mara tatu ikakubali.

Pale pale jamaa mmoja anayechora pia akaniambia bosi, weka damu zaidi na wasichana nguo fupi, ndo inauza. Najua kuna katuni nyingi za hivyo na zinauza kweli, lakini inaniuma sana, kwa sababu giza la hizi hadithi liko kwa akina mama. Angalia Snow White ya Grimm hao hao, kwenye toleo la 1812 anayetaka msichana auawe ni mama yake mzazi, mama wa kambo aliwekwa baadaye, kwenye toleo la 1819. Hiyo inatisha kuliko ndoo nzima ya damu. Jamaa akacheka tu, nikamwacha.

Saa mbili usiku stima imerudi, napaka wino. Kidole kikikatwa sikichori, nimeacha paneli moja kubwa ya mpini unaoelekea kwa msomaji, na uso wa binti anayemtazama mama yake, sio kisu.

Karibu saa tano nikagundua nimemchorea yule mama wa Ujerumani madoa ya utomvu wa matoke kwenye vidole. Nimeyaacha.