Waya mmoja, mti mmoja: antena ya nusu wimbi kwa redio ya ridhaa porini

Kama una redio ya HF (ya masafa ya 3 hadi 30 MHz) ya wati 10, betri moja na mti wenye tawi la mita 9 kwenda juu, beba waya wa nusu wimbi, yaani wenye urefu wa nusu ya wimbi la redio, unaolishwa kwenye ncha. Zile fimbo fupi za kiwandani, za mita moja na nusu zenye koili, zinavutia kwa sababu zinaingia kwenye begi. Lakini kwenye bendi ya mita 40 (7 MHz) ukinzani wake wa kurusha haufiki hata ohm mbili, na nguvu nyingi ya redio huishia kupasha moto koili na udongo. Udongo mkavu wa kiangazi, kama wa Dodoma au Tsavo, hausaidii kitu: fimbo inahitaji ardhi nzuri chini yake, na pale haipo. Waya wa mita 20 hauitegemei ardhi kiasi hicho.

Uzuri mwingine ni kwamba waya huo mmoja unashika bendi nne. Nusu wimbi ya 7 MHz ni wimbi zima kwa 14 MHz, moja na nusu kwa 21, mawili kwa 28, na katika bendi zote hizo ncha ya waya ina ukinzani mkubwa, wa ohm elfu mbili na kitu. Redio inataka ohm 50. Kati yao inawekwa transfoma ya uwiano wa 49 kwa 1, na antena nyingi za aina hii zikishindwa, kosa liko humo.

Tafuta pete ya feraiti ya aina 43. Kwa wati 10 hadi 20 za sauti, FT140-43 inatosha. Kwa redio ya wati 100 chukua FT240-43. Pete zinazouzwa bila jina kwenye maduka ya vipuri, au zinazochomolewa kwenye pawa saplai za kompyuta, mara nyingi ni za unga wa chuma, na kwa macho huwezi kuwa na hakika. Hesabu ndiyo inayoonyesha tofauti. Mizunguko miwili kwenye FT140-43 inatoa takriban mikrohenri 3.5, ambayo kwa 7 MHz ni kizuizi cha ohm 155 hivi, mara tatu ya zile 50 za redio. Mizunguko hiyo hiyo miwili kwenye T130-2, pete nyekundu ya unga wa chuma, inatoa ohm mbili tu. Hapo redio inaona kitu kinachokaribia shoti.

Waya wa kusukia mota wa mm 0.8 unafaa; fundi yeyote wa kusuka mota atakukatia. Chukua kipande cha sentimita 75 na kingine cha 20. Visokote pamoja na kuvizungusha kwenye pete kwa mizunguko miwili ya kwanza, kisha mrefu uendelee peke yake hadi itimie 14. Mianzo ya nyaya zote mbili inaungwa pamoja na kwenda kwenye ganda la nje la soketi ya BNC, ile ya kuchomekea kebo ya redio. Mwisho wa waya mfupi unaenda kwenye pini ya kati, na mwisho wa mrefu kwenye skrubu ya antena. Kila waya unapopita ndani ya tundu umehesabu mzunguko mmoja, hata kama haujazunguka nje kikamilifu. Ukikosea ukapata mitatu kwa 14, uwiano unashuka hadi 22 kwa 1 na SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio; 1 ndiyo bora) haitakubali tena. Kwangua vanishi kwa msasa mpaka shaba ing'ae kabla ya kulehemu, kwa sababu risasi haishiki juu ya vanishi ingawa kwa juu itaonekana imeshika. Mwisho, unga kapasita ya kauri ya 100 pF, ya volti 1,000 au zaidi, kati ya pini ya kati na ganda la BNC. Hiyo ndiyo inayonyoosha mambo kwenye mita 15 na 10 (21 na 28 MHz).

Ipime transfoma mezani kabla ya kuifungia kwenye boksi. Unga rezista za 2.2 k na 270 kwa mfululizo, jumla ohm 2,470, kati ya skrubu ya antena na ganda la BNC. Ziwe za kaboni au za utando wa metali, si zile za waya uliosukwa, kwani hizo zenyewe ni koili. NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, ikionyesha SWR chini ya 1.5 kwenye 7 na 14 MHz, na isiyozidi 2 kwenye 21 na 28, funga boksi. Ikiwa bendi za juu tu ndizo mbaya, badili kapasita, jaribu 82 au 120 pF. Zikiwa mbaya zote, rudi kuhesabu mizunguko.

Waya wa antena wenyewe uwe laini, wa nyuzi nyingi, 0.5 mm², ule wanaoutumia mafundi umeme wa magari. Anza na mita 20.5. Upandishe kwenye kimo utakachotumia ndipo upime, maana waya ulio karibu na ardhi husomeka chini zaidi ya ukweli wake. Usikate; kunja ncha ya mbali na uifunge kwenye waya wenyewe. Kila sentimita 10 unazokunja hupandisha masafa kwa takriban kHz 35 kwenye mita 40, kHz 70 kwenye mita 20 (14 MHz), na kHz 140 kwenye mita 10. Wengi hulenga katikati ya bendi ya mita 40, kisha wanashangaa mita 20 imewatoroka. Bendi za juu haziangukii mara mbili au tatu kamili ya ile ya chini. Huwa juu kidogo. Waya uliokaa sawasawa kwenye 7.150 unaweza kukupa bonde la SWR juu ya 14.350, nje ya bendi. Lenga 7.000 hadi 7.050, halafu kagua 14 na 21 kabla ya kuridhika.

Jambo linalopuuzwa sana ni njia ya kurudia. Mkondo unaoingia kwenye waya lazima upate upande wa pili, na usipoupa utachukua ganda la nje la koaksi (kebo ya kutoka redio hadi transfoma), upite hadi kwenye redio, maikrofoni na mkono wako. Funga waya wa mita 2 kwenye ganda la BNC ya transfoma, uulaze tu chini. Kisha kwenye koaksi, upande wa redio, weka choku ya kuzuia mkondo huo: mizunguko 10 ya koaksi nyembamba ya RG-174 kwenye FT140-43 nyingine. Wapo wasioufunga huo mkia wa mita 2, wakategemea koaksi peke yake. Inafanya kazi, ila kila ukisogeza kebo SWR inahama. Koaksi yenyewe iwe RG-58, mita 5 hadi 10. RG-174 ni nyepesi na inafaa kwa choku, lakini mita 10 zake kwenye 28 MHz hula takriban theluthi ya nguvu yako.

Sasa kupandisha. Kabla ya chochote tazama kama kuna nyaya za umeme, hata zile ndogo za kwenda nyumbani kwa mtu, na ukiziona hamia mti mwingine. Mfuko mdogo wa turubai wenye gramu 250 hadi 300 za mchanga, uliofungwa kwenye kamba laini ya nailoni ya mm 2, unarushwa vizuri kuliko jiwe, kwa sababu hauna kona za kunasa. Mshipi wa kuvulia samaki na chubwi ni kazi ya miti mirefu: rusha mshipi, halafu uutumie kuvutia kamba nene. Mwembe una matawi imara, ingawa majani yake hushika kamba. Mgunga ni mateso, mwiba mmoja unatosha kuzuia kila kitu. Mnazi hauna tawi la kupitishia kamba, makuti huinama na kamba huteleza, tena si mahali pa kukaa chini yake na redio. Mkaratusi ni mrefu na umenyooka, lakini matawi yake hukatika ghafla penye upepo. Mfuko ukinasa, usivute kwa nguvu, kwani ukichomoka unakujia usoni. Mfuko ukishashuka upande wa pili na ukaufikia, ufungue kwanza, ndipo uivute kamba tupu bila fundo mwishoni.

Penye mti mmoja, umbo ninalolipendelea ni V iliyopinduliwa: katikati ya waya juu ya tawi kwenye mita 9, transfoma kwenye mita 1.5 upande mmoja, ncha ya pili kwenye mita 2 na nusu upande mwingine. Inakula mita 14 hadi 15 hivi za ardhi. Sababu ya kuichagua ni kwamba kwenye mita 40 mkondo mkubwa kabisa uko katikati ya waya, na hapo ndipo panaporusha. Mkondo huo uwe juu, si karibu na majani. Waya wa mteremko kutoka chini hadi juu ya mti ni rahisi zaidi kuuweka, ila katikati yake inabaki mita 5 tu kutoka ardhini.

Kwa kimo hicho, mita 40 hurusha karibu wima na kurudi chini kote kuzunguka ulipo, hadi kilomita 400 hivi na zaidi. Dodoma na Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, husikilizana vizuri mchana kwa njia hii, na huku karibu na ikweta tabaka la juu la ionosfea, linalorudisha mawimbi ya redio chini, mara nyingi lina nguvu ya kurudisha 7 MHz inayopanda wima. Kabla ya mapambazuko tabaka hilo hudhoofika na majirani hupotea huku walio mbali wakisikika. Wakati wa masika, mkwaruzo wa radi za mbali hufanya 7 MHz iwe ngumu jioni. Kwa Ulaya, kilomita 4,500 hadi 7,500 hivi kutoka hapa, nenda 14, 21 au 28 MHz, na pandisha waya juu kadiri mti unavyoruhusu.

SWR nzuri peke yake haithibitishi kitu. Antena hii ikiwa nzima, SWR yake lazima ipande sana kati ya bendi, kwa mfano kwenye 10 au 17 MHz. Ikiwa ni tambarare na nzuri kila mahali, nguvu inaliwa na pete au na kebo yenye maji. SWR ikianza vizuri na kupanda unapoendelea kurusha, feraiti inapata moto. Punguza nguvu, hasa kwenye FT8, mawasiliano ya kidijitali kwa kompyuta, ambapo redio inarusha bila kupumzika kwa sekunde karibu 13. Nusu ya nguvu unayotumia kuzungumza ni kiasi cha haki. SWR ikibadilika ukigusa koaksi, choku haitoshi au mkia umechomoka. Ikiwa bendi zote zimeshuka kidogo baada ya mvua, ncha imegusa majani mabichi.

Ncha ya waya huo ina volti nyingi kuliko inavyodhaniwa: kwa wati 10 ni karibu volti 157, kwa wati 100 karibu 495. Inaunguza ngozi. Iwe juu ya kimo cha mtoto, na watoto watakuja, kwa hiyo mtu mmoja akae upande huo.

Beba leseni yako, si picha yake kwenye simu tu. Mtu anayerusha kamba mitini na kuzungumza kwenye redio huitiwa askari haraka, na karatasi ya TCRA ya Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya yenye ishara yako ya wito inayoanza na 5H (Tanzania) au 5Z (Kenya) inamaliza mazungumzo mapema. Ndani ya hifadhi omba ruhusa langoni kabla hujafunga chochote kwenye mti.

Waya ukunjwe kwa sura ya nane kwenye kibao, si kwa duara, la sivyo safari ijayo utaanza kwa kufungua mafundo. Na ukisikia ngurumo, hata ya mbali, chomoa koaksi kwenye redio kwanza, kisha shusha waya, usingoje matone.