Kadi za mkono: embosi wakati wa masika, Tanga (kumbukumbu ya mradi wangu)

Mwezi huu poda ya embosi, yaani ya kuinua mchoro juu ya kadi, nimeiweka pembeni. Kopo nimelifunga, nimelitia kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, basi. Masika imeshika Tanga, nguo hazikauki kambani, na karatasi nazo zinakunywa maji hewani wala huoni, unashtukia tu rimu imejikunja pembeni.

Kwa ambao hawajawahi kufanya embosi ya moto, inaenda hivi: unagonga muhuri wenye wino usiokauka haraka (mimi natumia gliserini ya duka la dawa na matone mawili matatu ya rangi ya chakula), unamwagia poda, unakung'uta iliyozidi irudi koponi, afu unapiga hewa ya moto mpaka poda iyeyuke na mchoro uinuke unang'aa. Ile poda ni plastiki tu iliyosagwa. Sasa karatasi ikiwa na unyevu poda inang'ang'ania hata pale muhuri haukufika, ukiyeyusha unapata ua la dhahabu na chenga za dhahabu kadi nzima. Dawa ipo: unaipasha karatasi moto kidogo kabla ya kugonga muhuri ili itoe maji, unaipitishia poda ya mtoto kiduchu kwa pamba, ndo unagonga. Inasaidia kweli. Lakini oda ikiwa kubwa hiyo ni kazi ya kukesha, na kopo lenyewe linatoka Dar kwa bei inayouma.

Na kabla hamjauliza, draya ya nywele HAPANA. Draya inapuliza sana na joto lake dogo, poda inaruka yote kabla haijaanza hata kulainika. Mimi moto wangu naupata kwa fundi simu huku Ngamiani, ile bloa yake ya kung'olea chipu ndo yenyewe, anaiweka nyuzi 280 hivi na upepo anaushusha mpaka mwisho. Nikitokea tu anacheka, "dada leo umeleta maua gani tena", namwambia kaka niazime dakika mbili, naye anasogeza simu za watu. Unashika bloa mbali kidogo, unaizungusha, usikae sehemu moja. Poda ikianza kung'aa hapo hapo unahama, maana ukizidisha inazama ndani ya karatasi inabaki doa la mafuta, nundu hakuna, na hapo hurudi nyuma.

Sasa uzuri ni kwamba unyevu huohuo unaoharibu embosi ya moto ndo rafiki mkubwa wa embosi ya baridi, ile ya kubonyeza bila wino wala poda. Karatasi kavu sana ukiibonyeza kwa nguvu inapasuka, nyuzi zake hazikubali kuvutika. Ikiwa na unyevu kidogo inanyooka inafuata umbo, afu ikikauka inabaki hivyohivyo. Kiangazi huwa napitisha sponji lenye maji upande wa nyuma nasubiri kidogo. Saa hizi sponji la nini, hewa ya bahari inanifanyia bure. Kwa hiyo nimejipangia kabisa, masika nabonyeza, kipupwe kikija na hewa ikikauka nachoma.

Vifaa vyangu vya kubonyeza ni vya kuokoteza. Stensili nakata kwenye filamu za eksirei za zamani, zina unene mzuri na wembe unapita vizuri. Meza ya mwanga ni kioo cha luva nimekilaza juu ya vitabu viwili na simu imewashwa tochi chini yake. Kalamu ni ile ya wino iliyokwisha, ncha yake ni kigololi kwa hiyo haikwaruzi, na kwa sehemu pana kulabu ya kufumia vitambaa. Stensili unaibandika upande wa USO wa kadi, unageuza, unaona umbo kwa mwanga, unabonyeza kwa nyuma ukifuata kingo tu. Katikati acha. Kingo ndo zinafanya jicho lione kitu kimeinuka, ukisugua katikati unachosha karatasi bure. Kalamu ikigoma kuteleza paka nta ya mshumaa kidogo upande huo wa nyuma.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, gramu 80, inatoboka. Manila nzito inafaa, ukipata ya gramu 200 mpaka 300 ndo raha, ila ya juu ya hapo mkono utakuuma. Halafu angalia nyuzi zimelala upande gani kabla hujakunja kadi, ikunje kufuata nyuzi, la sivyo mkunjo unatoa manyoya.

Michoro nimebaki na mitatu: nanga, ua la asumini, na mkonge. Mkonge ndo unaouza. Ni mmea wa Mexico, aliuleta huku Richard Hindorf mwaka 1893, ila leo nani anaiwaza Tanga bila mkonge? Na kwa stensili ni zawadi, majani yamenyooka, wembe unaenda moja kwa moja. Asumini ni balaa, petali ndogondogo, lazima uache vishikio katikati au vipande vyote vinadondoka.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike leo. Kaka mmoja alikuja na oda ya kadi moja tu, ya mwalimu wake wa zamani anayestaafu, na mwalimu huyo haoni. Akasema dada nataka kadi ambayo ataisoma mwenyewe, asisomewe na mtu. Nikabaki namuangalia. Miaka yote nauza embosi nasema iguse, iguse, kumbe hakuna hata kadi yangu moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kidole, zote ni za jicho, kidole kinapewa makombo.

Nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, ni embosi ya baridi kabisa, ile ile. Louis Braille wa Ufaransa aliumia jicho akiwa na miaka 3, akichezea msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi) kwenye karakana ya baba yake aliyekuwa akishona ngozi, baadaye akawa kipofu macho yote, na mwaka 1829 akachapisha mfumo wake unaoandikwa kwa kifaa kinachofanana na huohuo msharasi. Kila herufi ina nafasi sita, safu mbili za nukta tatu tatu, nukta na nukta zinaachana milimita 2.5 hivi, na kila nukta inainuka kama nusu milimita. Kiswahili kinatumia herufi zilezile za kilatini kwa hiyo hakuna cha kubuni.

Kazi ipo kwenye kugeuza. Unatoboa kwa nyuma, kwa hiyo unaanza kulia unaenda kushoto na kila herufi inapinduliwa kama kwenye kioo. Na nukta nundu haikusamehi hapo, kwa sababu herufi ikipinduliwa mara nyingi inakuwa herufi nyingine halali. E ukiipindua ni I. H inakuwa J. R inakuwa W. Kwa hiyo neno HERI ukilitoboa kwa nyuma bila kugeuza, mwalimu wa watu atapokea kadi ya kustaafu imeandikwa EWIJ.

Nilichofanya, nimeandika ujumbe kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, nikaugeuza kwenye kioo cha luva nikauchora upya ulivyo kinyume, ndo ukawa ramani yangu. Chini ya kadi nikaweka soli ya kandambili, laini ila inarudisha. Msharasi nilipewa na fundi viatu, nimeusugua ncha kwenye sakafu mpaka ukawa butu, maana lengo ni kuinua karatasi na sio kuitoboa tundu.

Jaribio nikalipeleka kwa mwalimu mwingine anayefundisha watoto wasioona, bi mkubwa mmoja mpole sana ila kwenye kazi hana utani. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, lete hiyo kadi. Akafumba macho (yeye anaona) akapitisha kidole. Maneno yanasomeka, akasema, ila nukta za mstari wa pili ni bapa, zitamchosha. Halafu akafika kwenye mkonge wangu, ule ninaoringa nao, akasimama. "Hii nini, mwanangu?" Mkonge, mwalimu. "Mimi nahisi vurugu tu." Majani yalikuwa mengi na yamesongamana, kidole hakitofautishi jani na jani kama jicho, na zaidi ya hapo ncha moja ilikuwa inagusa maandishi kwa hiyo inasomeka kama nukta ya ziada. Akaniambia punguza, tenganisha, acha uwazi kati ya picha na neno, na picha iwe na mstari mmoja unaofuatika bila kukatika.

Mkonge mpya una majani matano tu, manene, yameachana, na uko juu peke yake, chini yake nafasi tupu ya vidole viwili ndo maneno yanaanza. Kwa jicho umekuwa mtupu kidogo, bi dada mmoja jirani kasema unafanana na mkono wa mtu. Sijali, ukifumba macho unaujua.

Kadi inatakiwa wiki ijayo. Karatasi nimebadilisha, ya kwanza ilikuwa na ngozi ya kung'aa na nukta zilikuwa zinapasuka juu, hii ya sasa ni ya gramu 220 isiyong'aa. Bahasha naitengeneza kubwa kuliko kadi na naitia ubao mwembamba ndani, maana kadi ya aina hii ikikaliwa na mtu kwenye daladala imekwisha.

Kingine, nimeongea na fundi mihuri kuhusu ile mashine ya kubana ya muhuri wa kampuni. Inafanya kazi kwa sahani mbili, moja imeinuka nyingine imezama, zinakutana karatasi ikiwa katikati, na nundu inatoka kali kuliko ya mkono wangu. Nimemuuliza kama anaweza kunichongea jozi ya mkonge badala ya jina la kampuni. Kasema anaweza ila nilete mchoro wenye mistari michache, ikizidi sahani hazikubaliani. Nitampelekea huu wa majani matano.