Geitwei ya imeili ilivyonitoa jasho kwenye meinfremu

Mimi niko Marekani, nafanya kazi kampuni moja ya bima, kwenye meinfremu ya IBM, yaani ile kompyuta kubwa ya kampuni, inayoendeshwa na mfumo wa z/OS. Basi bosi akataka ripoti za jobu za usiku, yaani kazi ambazo mashine inazifanya yenyewe, ziwe zinaenda zenyewe kwenye imeili za watu, wasiwe wanakuja kuzichungulia kwenye spuli, pale mashine inapoziweka, kila asubuhi, ikanunuliwa programu ya geitwei ya kuzituma nikaambiwa we ndo utainstoo. Nikajisemea hiyo kazi ya lisaa limoja tu.

Faili likaja, ile aina ya XMIT, programu iliyofungashwa, unayoipandisha kwenye meinfremu kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili) halafu unaifungua kwa amri ya RECEIVE. FTP ikasema poa kabisa, kupiga RECEIVE ikagoma, eti fomati haieleweki. Nikadaunlodi upya, ikagoma. Nikawaandikia wenye programu, siku mbili baadaye wakanijibu niangalie kama nafasi ya diski inatosha, sijui nafasi inaingiaje hapo.

Kuna mzee mmoja zamu ya usiku, hizi mashine amezizeekea, akaniambia hebu fungua dataseti, yaani faili lilivyokaa kwenye meinfremu, uone mstari wa kwanza. Kumbe XMIT iliyo nzima ukiiangalia kwenye ISPF, skrini za kufungulia mafaili ya meinfremu, inakuonyesha INMR01 pale mwanzo kabisa, yangu ilikuwa takataka tupu. Ndo nikashtuka: ftp ya Windows, ile ya skrini nyeusi, usipoiambia kitu inatuma kwa aski (ASCII, herufi za kompyuta za kawaida), kwa hiyo njiani ilikuwa inageuza kila baiti kuwa EBCDIC, herufi za meinfremu, na wakati faili lenyewe tayari ni EBCDIC! Mimi nilikuwa nimelifungua kwenye Notepad nikaona @@@@ zimejipanga nikadhani limeoza, kumbe spesi ya EBCDIC ni 40 kwa heksa, na 40 hiyo hiyo kwenye aski ndo @.

Nikafuta nikaanza tena, safari hii kabla ya put, amri ya kutuma, nikapiga hizi, ya kwanza itume baiti kama zilivyo bila kugeuza, ya pili iiambie meinfremu umbo la faili:

bin
quote site recfm=fb lrecl=80 blksize=3120

RECEIVE ikakubali fasta.

Nikajua nimemaliza, wapi. Nawasha taski, yaani geitwei yenyewe, inakufa na kosa la S047. Hiyo maana yake programu imeomba huduma ya wenye idhini tu wakati laibrari yake haimo kwenye orodha ya APF, ya laibrari zenye idhini. Jamaa wa sistimu akapiga amri ya SETPROG APF,ADD kuiongeza, taski ikaamka, nikajitumia imeili ya kujaribu ikaingia kwenye simu hapo hapo, nikaenda zangu kulala.

Jumatatu nafika tu naambiwa imeili hazijaja. S047 tena! Jumapili walipiga IPL, yaani waliwasha mashine upya, na SETPROG mwisho wake ni IPL, ilitakiwa laibrari iandikwe kwenye PROGxx ndani ya PARMLIB, mipangilio ambayo mashine inaisoma ikiwaka, mimi nikidhani jamaa ameandika na yeye akidhani nimeandika mimi. Nikaomba ruhusa nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na IPL iliyofuata nilikesha kuiangalia. Taski ikaamka yenyewe.