Tarehe 24 Juni, sisi watu wa Dom tuikumbuke

Mbukwenyi ndugu zangu.

Mwezi huu nilikuwa natoka Dar na treni ya umeme, hii SGR, na tulivyopita Gulwe nikaanza kuchungulia dirishani kwa sababu nilijua Igandu iko mbele, sasa pembeni yangu amekaa kijana mmoja mwanachuo akaniuliza dada unatafuta nini huko nje mbona pori tupu? Nikamwambia natafuta ilipotokea ile ajali ya 2002. Ajali gani? Na ni mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, kakulia Chang'ombe. Simlaumu maana hata hakuwa amezaliwa, ila iliniuma sana na ndo maana naandika.

Ilikuwa Jumatatu, 24 Juni 2002, asubuhi. Treni ya abiria inatoka Dar, mabehewa 22, watu zaidi ya 1,200, imeshapita Msagali inapanda mlima kuja Igandu. Breki zikasumbua, ikasimama, halafu ikaanza kurudi nyuma. Hebu fikiria, treni nzima inashuka mteremko kinyumenyume, haishikiki, kila dakika mwendo unaongezeka na watu wamo ndani wanaona miti inakimbilia upande ambao siyo. Na huko chini nyuma yao kulikuwa na treni ya mizigo inakuja taratibu kwenye reli ile ile. Walifariki watu 281. Hakuna ajali ya treni Tanzania iliyowahi kuua watu wengi kama hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Igandu ni karibu mno. Mtu aliyelala njiani usiku kucha akifika pale si anaanza kukunja shuka lake, anawaamsha watoto, anawaambia haya nawa uso tunakaribia Dodoma.

Mimi nilikuwa la tano, shule zimefungwa, kipupwe kimekolea na ule upepo wetu wa Juni unaopeperusha vumbi mpaka kwenye sufuria. Simu za mkononi mtaani kwetu walikuwa nazo watu wawili tu, kwa hiyo habari ilikuja kwa redio na kwa watu kupita wanakimbia. Jirani yetu, ambaye sisi watoto tulimuita mama mkubwa, alikuwa ametoka alfajiri kwenda stesheni kumpokea mdogo wake, na alirudi jioni hana viatu, hajui ameviacha wapi. Mdogo wake alimpata kesho yake wodini, mkono umevunjika ila mzima. Aliyekuwa amekaa naye kiti kimoja tangu Dar hakupona, na yule mjomba mpaka leo treni hapandi.

Wanaume wa mtaa walienda kutoa damu. Kwa akina mama likapita neno kwamba zinatakiwa kanga na shuka za kuwafunika marehemu, na hakuna aliyeuliza mara mbili, nyumba kwa nyumba walikuwa wanatoka na vitu mkononi. Waliotambuliwa walichukuliwa na ndugu zao, wengine ikashindikana kabisa, wakazikwa hapa hapa kwetu, kaburi la pamoja, Mailimbili. Yaani kuna mama wa watu labda yuko Tabora au Kigoma, mwanae amelala kwetu, na sisi tunaopita pale kila siku na daladala hatujui.

Mji huu tarehe zake tunazijua. 26 Aprili 2018 tulitangaziwa jiji, watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. 25 Julai 2024 SGR ikaanza kuja Dodoma na 1 Agosti Rais Samia akaizindua. Nazipenda zote hizo na treni mpya naipenda pia, mji wetu umekua kwa sababu ya reli tangu Wajerumani walipoifikisha hapa 1910. Lakini 24 Juni inakuja inapita kama siku ya soko tu. Naomba makanisani na misikitini siku hiyo watajwe, na kama uliondokewa na mtu pale niandikie jina lake hapa chini, mwaka huu naenda Mailimbili na mama na nitayasoma yote.

Mama ndo amesema anataka kwenda. Siku ile alifungua sanduku akatoa kanga moja kwenye doti mpya, nyekundu na nyeupe, alikuwa ameikata hata wiki haijaisha, akaniachia mimi nimshike mdogo wangu akaenda. Kipande cha pili bado kipo sandukuni, hajawahi kukivaa wala kumpa mtu. Niliporudi safari nikamuuliza kwa nini mama, akasema mwenzake amevaa mtu nisiyemjua jina, na mimi nitakivaaje peke yangu.